Msumari mmoja nilioupoteza kwenye banda la farasi

Nianze na hesabu. Asubuhi ile nilichukua misumari 40 kwenye kopo nikaenda kugongelea mbao za kizimba cha farasi mmoja anaitwa Zawadi, jioni nikarudisha 11 na wala sikujiuliza kama iliyobaki yote imeingia ukutani au la. Ukihesabu vichwa vya misumari kwenye zile mbao unapata 28. 28 na 11 ni 39. Hiyo hesabu mi nilikuja kuifanya siku nne baadaye, nimepiga magoti, nimeshika ukwato wa farasi mikononi, na ule mmoja uliopungua nauona kwa macho yangu.

Lakini nitafika huko, ngoja kwanza niseme nilivyoingia.

Mi nilifika pale nikiwa fundi mbao. Farasi nilikuwa nawaona kwa mbali tu, nikajua ni mnyama mkubwa anakimbia, basi. Mzee mwenye banda alikuwa na farasi sita na banda lililochoka, alitaka mtu mmoja wa kufanya vyote viwili, asubuhi kusafisha na kulisha, mchana kurekebisha vilivyovunjika, nikamwambia mzee kazi ya mifugo mimi sijawahi, akasema we njoo, farasi wenyewe watakufundisha. Nikachukulia ni maneno ya kunipa moyo.

Siku ya kwanza nikashika koleo moja kwa moja. Akanizuia. "Kijana wangu, kabla hujatoa hicho kitu, kiangalie." Nikaangalia, mavi tu. Akaniuliza ni mengi au machache kuliko kawaida, magumu au laini, maji kwenye ndoo yamepungua kiasi gani, nyasi zimebaki kwenye hori au zimeisha, maranda anayolalia yametulia au yamevurugwa vurugwa kama mtu alikuwa anazunguka usiku kucha. Sikuwa na jibu hata moja. Ndo akanieleza kwamba farasi hawezi kutapika, kikishaingia tumboni kimeingia, kwaiyo kikikwama huko ndani au gesi ikijaa hana njia ya kukirudisha, na maumivu ya tumbo yanaua farasi kwa saa chache. Usiku hakuna mtu bandani. Habari pekee ya usiku unaipata asubuhi kwenye hayo mavi na hiyo ndoo, ukishazoa na ukishajaza maji umeifuta. Tangu siku hiyo mi siingizi koleo kizimbani kabla sijasimama mlangoni kidogo nikasoma.

Na kazi yenyewe ni nzito jamani, tusidanganyane. Farasi wa kilo 500 anatoa kama kilo 20 za mavi kwa siku au zaidi, anakunywa lita 25 mpaka 45 za maji, joto likiwa kali anapita hapo, anakula nyasi kavu kilo 8 mpaka 10, zidisha mara sita alafu ubebe na toroli lenye gurudumu bovu. Gurudumu ndo kitu cha kwanza nilichotengeneza pale. Cha pili paa, maana lilikuwa linavuja juu ya stoo ya marobota ya nyasi, na hilo sikulisubirisha, nyasi zikihifadhiwa na unyevu zinaanza kuchemka zenyewe kwa ndani na zinaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha kiberiti. Ukizamisha mkono katikati ya robota ukakuta joto, hilo ni jambo la kukimbilia, sio la kesho.

Sasa kwenye kurekebisha ndo nilijiona bingwa. Ufundi nilikuwa nao. Nikaenda kwenye uzio nikakuta mbao tatu zimeanguka, nikazipigilia vizuri kwa nje ya nguzo, zimenyooka, zinapendeza, yaani ukisimama barabarani unaona kazi ya fundi. Baada ya wiki mbili zote chini. Nikalaumu mbao, nikalaumu misumari. Kumbe farasi ana tabia ya kuegemea uzio, kujikuna matako pale, kusukuma shingo afikie majani ya upande wa pili, na ubao ukiupigilia kwa nje kila akiegemea anausukuma kutoka kwenye nguzo, msumari unachomoka taratibu mpaka unatoka. Ukiupigilia kwa ndani, upande wake yeye, akiegemea anaukandamiza kwenye nguzo. Kitu kidogo hivyo. Mi nilijenga kwa ajili ya anayepita njiani, aliyekuwa anaishi ndani ya huo uzio sikumfikiria kabisa. Nikabomoa nikaanza upya, safari hii kwa misumari yenye mikato ya pete kwenye shina, hiyo haichomoki kirahisi, na kila kichwa nikakizamisha nikapitisha kiganja juu yake. Kiganja kikikwama hata kidogo basi na ngozi ya farasi itakwama.

Kuna kitu kuhusu macho yao kilinibadilisha mwendo kabisa. Macho ya farasi yako pembeni ya kichwa, anaona karibu duara zima, lakini kuna sehemu mbili haoni, moja nyuma kabisa ya mkia, nyingine mbele ya paji la uso na chini ya pua yake. Hiyo ya pili watu hawaisemi sana na ndo mi nilikuwa naiingia kila siku, nainama chini ya kidevu chake kuokota bisibisi alafu nainuka ghafla, kwake yeye ni kama mtu kachomoza kutoka ardhini. Farasi mmoja, Sultani, alinirushia kichwa mara mbili kikanigonga bega, nikasema huyu ana hasira. Hana hasira yoyote. Sikumwambia nipo. Siku hizi nikifanya kazi karibu yake naongea, sio lazima maneno ya maana, nahesabu tu, nasema nachukua drili, nasema napita nyuma, na nikipita nyuma mkono uko mgongoni kwake, napita nimebana karibu kabisa au napita mbali kabisa, ile katikati ndo umbali wa teke.

Alafu macho yao yanachelewa kuzoea giza. Ukimtoa kwenye jua kali ukamwingiza bandani anasimama mlangoni, watu wanamvuta kamba wanasema mbishi. Anasubiri macho. Toroli ulilolisahau njiani we unaliona, yeye bado. Mpe sekunde kadhaa ataingia mwenyewe.

Kuhusu drili na nyundo nilijifunza kwa Tumbili, yule mdogo kuliko wote, jina alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Mi nilikuwa nadhani kinachowasumbua ni kelele. Nikawa nabana pumzi, nanyata, nawasha drili kwa wasiwasi huku namtolea macho nione kama ataruka, na kweli anaruka. Siku moja mzee akaniambia zima hiyo mashine, pumua, legeza mabega, mwangalie kwato usimwangalie machoni, alafu washa. Hakuruka. Masikio yalinigeukia yote mawili, baadae moja likarudi mbele, baadae akashusha kichwa akaanza kutafuna hewa. Kumbe alichokuwa anakiogopa ni mimi nilivyokuwa naogopa.

Kuna farasi wa Ujerumani aliitwa Hans, mwanzoni mwa miaka ya 1900, mwenye farasi huyo alikuwa mwalimu na aliamini kabisa amemfundisha hesabu, ukimuuliza jumla anapiga ukwato chini mpaka anafika jibu na anapatia. Mwaka 1907 mtafiti aliyeitwa Oskar Pfungst akachunguza akakuta Hans akiulizwa na mtu asiyejua jibu anakosea, na asipomwona muulizaji anakosea pia. Alikuwa anasoma mwili wa mtu, ule mkazo mdogo usoni na kwenye shingo unaolegea jibu likifikiwa, kitu ambacho hata muulizaji mwenyewe hajui anakifanya. Watu wengi wakiisikia wanasema ah kumbe hakuwa na akili. Mi naona kinyume, aisee. Mnyama anasoma mpaka kichwa chako kikitikisika kidogo kabisa, alafu we unaingia kizimbani kwake umetoka kugombana na mtu kwenye simu, umeshika nyundo, unategemea asijue?

Tumbili huyohuyo ndo aliyekuwa ananiibia vitu. Glavu, penseli, futi, mara moja alibeba plaizi akaizungusha kama bendera alafu akaidondosha kwenye ndoo ya maji. Nilikuwa nafukuza, napiga kelele, kazi haiendi. Ila farasi anakijua kitu kwa midomo kama sisi tunavyokijua kwa vidole, akiwa na mtu mpya anayeleta vitu vipya lazima avishike. Nikabadilisha. Kabla ya kuanza namnusisha kila kifaa, hiki nyundo, hii tepu, ananusa, anainua mdomo wa juu anakunja pua ile sura yao ya kuchambua harufu, akimaliza anaondoka kwenda kwenye nyasi zake. Dakika mbili tatu hizo zinaokoa saa nzima. Na nikaanza kubeba vifaa vichache, vinne vitano kwenye ndoo yenye mfuniko badala ya boksi zima lililoachama.

Ningekuwa nimefika mpaka kwenye misumari kwa akili hiyohiyo ya mfuniko, nisingekuwa na hii hadithi.

Zawadi ni jike mzee, ana miaka 24, rangi ya kahawia iliyoanza mvi kuzunguka macho. Mtaratibu mno. Ubao wa kizimba chake ulikuwa umepasuka na siku ile nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja na nilitaka alale ndani, sikumtoa nje, nikamsogeza kona nyingine nikafanya kazi yeye yumo humo humo. Misumari nikaweka kwenye mfuko wa shati. Mfuko wa shati! Unainama unainuka, unainama unainuka, na chini ni maranda mpaka kwenye kifundo cha mguu. Niliusikia mmoja unadondoka, hilo nalikumbuka vizuri sana, nikapapasa kwa mkono mara moja sikuupata, nikasema nitautafuta nikimaliza. Nikamaliza, mvua ikaanza, nikaenda.

Siku ya nne asubuhi nimesimama mlangoni nasoma kama nilivyofundishwa. Mavi kawaida, maji kawaida, nyasi zimebaki kama robo. Yeye amesimama lakini mguu wa mbele wa kushoto ameupumzisha, ncha tu ndo imegusa chini. Farasi akipumzisha mguu wa nyuma ni kawaida yake, anabadilisha huu na huu anaposinzia, wa mbele akiutanguliza hivyo kuna kitu. Nikaingia, nikashika ukwato, umepata joto, na ukiweka vidole nyuma ya kifundo unasikia mshipa unapiga kwa nguvu. Nikauinua. Pembeni mwa ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya wayo kulikuwa na kichwa cha msumari wangu. Nilijua ni wangu, ulikuwa bado unang'aa.

Mkono ukaenda kwenye plaizi wenyewe. Mtu yeyote angeuchomoa, ni mwiba, unatoa mwiba. Mzee akapiga kelele kutoka mlangoni, usiuguse! Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo. Akanieleza baadaye, ukiuchomoa tundu linajifunga, daktari akija hajui umeenda upande gani wala umezama kiasi gani, na hapo katikati ya ukwato kwa ndani kuna kano, kuna mfupa mdogo na kifuko chake cha ute, na kiungo, uchafu ukifika huko farasi anaweza asipone kabisa. Msumari ukiwa bado upo daktari anapiga eksirei anauona ulivyolala. Kwaiyo kazi yetu ilikuwa kumzuia asiukanyage zaidi. Nikakata vipande viwili vya mbao, nikavifunga chini ya ukwato huku na huku ya msumari kwa bandeji na gundi tepu pana, uzito ukae kwenye mbao, msumari ubaki unaelea. Ndo kazi ya useremala niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote maishani mwangu na ilikuwa vipande viwili vya ubao visivyozidi kiganja.

Muda wote huo Zawadi alinipa mguu. Alikuwa anatetemeka na alinipa mguu, akaniwekea kidevu mgongoni.

Daktari alikuja, akapiga eksirei, msumari ulikuwa umeenda kwa upande, haukugusa mfupa wala kano. Akauchomoa, akalisafisha tundu, akamchoma na sindano ya pepopunda maana farasi ni katika wanyama wanaopatwa na pepopunda kirahisi sana, na vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kwenye mavi, yaani popote alipokanyaga. Alafu ikawa kubadilisha bandeji kila siku, kwa wiki mbili na zaidi, na hiyo kazi niliiomba mimi. Mzee hakunigombeza. Aliniletea tu lile kopo la misumari, akaliweka chini mbele yangu, akaondoka. Hapo nikakaa nikahesabu tena.

Kwenye hizo wiki mbili nilikuwa nakaa chini kwenye maranda kila siku, mguu wake mapajani kwangu, na pua yangu ikawa kwenye usawa ambao haijawahi kuwa. Macho yakawa yananichoma. Ukisimama husikii kitu, banda linanukia nyasi, lakini huko chini amonia ya mkojo imejaa, na huko chini ndo farasi anapolala na ndo anapokulia nyasi zake, anavuta ile hewa mapafuni. Mi nilikuwa nasafisha kila siku na nikajiona nasafisha. Nilichokuwa nafanya ni kutoa kinachoonekana juu. Kumbe unatakiwa uchimbe mpaka sehemu iliyolowa, uitoe yote, uache sakafu ipumue ikauke kabla hujarudisha makavu, ukiacha unyevu hata kwato zenyewe zinaoza kwa chini zinatoa harufu mbaya nyeusi. Na yale matundu ya hewa juu ya ukuta niliyokuwa nimeyaziba na mbao ili kupendeze, nikayafungua yote wiki hiyo hiyo. Siku hizi kabla sijasema kizimba kimekuwa safi napiga magoti kwanza nanusa.

Misumari sasa naihesabu naiandika kwa penseli kwenye ubao wa mlangoni, iliyotoka, iliyoingia, iliyorudi, iliyopinda. Isipolingana farasi haingii, hata kama mvua inakuja, hata kama giza limeingia, namfunga pengine. Na simfungi kwenye kitu ninachokirekebisha, niliwahi kutaka kumfunga Sultani kwenye geti ambalo bawaba moja nimeshaifungua, angeshtuka angeondoka na geti zima likimfukuza. Kamba inaenda kwenye nguzo iliyozama ardhini, fundo ni lile la kuvuta ncha mara moja likaachia, na kamba siizungushi mkononi. Nina sumaku kubwa niliyoifungia kwenye fimbo, naiburuta chini nikimaliza. Mara ya kwanza kuipitisha uwanjani ilitoka na vipande vya waya, kichwa cha bawaba, misumari saba yenye kutu ambayo sio ya kwangu wala ya mtu yeyote anayekumbukwa pale. Nilikaa nimeishika mkononi muda mrefu. Sita hawa walikuwa wanatembea juu ya vitu hivyo miaka yote.

Zawadi akapona. Alichechemea kidogo kama mwezi na nusu alafu akaacha, fundi wa kwato akisema ukwato umeota vizuri.

Kitu kimoja tu kilibaki. Farasi wanalala wamesimama, miguu yao ina namna ya kujifunga viungo asianguke, lakini ule usingizi mzito wa ndoto lazima alale chini, hata kwa muda mfupi, na halali chini sehemu ambayo haiamini, kwa sababu kuinuka kunamchukua muda na yeye maisha yake yote ni kuweza kukimbia. Tangu nianze kazi pale sijawahi kumwona Zawadi amelala chini. Asubuhi nakuta maranda mgongoni kwake, najua alilala, ila mimi nikiwepo anasimama.

Juzi jioni nilikuwa nakaza komeo la mlango wake, skrubu nane, nimekaa sakafuni kwa nje kidogo. Nikasikia pumzi ndefu nyuma yangu. Akakunja magoti ya mbele, akashuka, maranda yakalia chini yake, akatulia, baada ya muda akalaza na shingo. Jicho likafumba. Mdomo wa chini ukaanza kucheza cheza na ule mguu wa kushoto ukarusha kidogo kama anakimbia mahali.

Komeo lilikuwa bado na skrubu mbili. Nikaiweka bisibisi kwenye maranda bila sauti, nikahesabu, sita mlangoni mbili mkononi, nikakaa hapo hapo mpaka giza likaingia.